Zumari Chini ya Paa la Madebe

Jumatatu, 14 Machi 1938

Naanza kuandika kwa sababu nina siri, na mdomo wangu haujapata kulala na siri hata usiku mmoja. Marehemu mke wangu alikuwa akisema, "Kibwana, wewe ukimeza punje ya mchele mtaa mzima unashiba." Basi nitauchosha mkono ili ulimi upumzike. Mkono wenyewe ulikaa shule ya Mdachi miaka miwili: mwaka wa kwanza ukachapwa, wa pili ukakimbia. Atakayecheka hati yangu, na acheke.

Siri ni hii. Jirani yangu Bwanaheri, mpiga zumari, alifariki mwezi wa Januari. Miaka thelathini yeye alipuliza mbele na mimi nikapiga vumi nyuma yake, katika harusi zote za Bagamoyo zilizostahili jina hilo na nyingine zisizostahili. Vumi ni ngoma kubwa yenye sauti nene, haitaki akili, ndiyo maana nikaipenda. Siku chache kabla hajafa aliniita, akanipa zumari lake limefungwa kitambaa.

"Mwanvita anaolewa masika yakiisha," akaniambia. "Usimwache binti yangu atoke nyumbani kimya kama mzigo unaohamishwa. Utampulizia wewe."

"Mimi? Bwanaheri, mimi napiga kwa mikono. Mdomo wangu kazi yake kula."

"Basi jifunze."

Akafa kabla sijapata jibu la kumshinda. Ndiyo tabia yake tangu utoto.

Sasa nijifunzie wapi? Mjane wake, Bi Mwanabaraka, anakaa eda, na chumba chake na changu tunagawana ukuta mmoja wa miti na udongo. Nyumba yenye eda haipigiwi karibu yake hata kopo. Ufukweni kuna watu kuliko sokoni. Shambani kila mnazi una mtu nyuma yake. Na sauti ya zumari la Bwanaheri hapa inajulikana mpaka na punda.

Jumatano, 16 Machi

Amekuja Mwishehe kutoka Kerege. Huyu ni mdogo wake marehemu, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa kanzu iliyonyooka na uso ulionyooka zaidi. Kwa kuwa baba hayupo, yeye ndiye walii wa Mwanvita, na neno la harusi ni lake. Amesimama barazani, wazee tumekaa, akasema:

"Shemeji yangu yumo edani. Nikisikia ngoma au zumari mtaa huu kabla hajatoka, harusi naihamishia kwangu Kerege. Fatiha, tende, basi. Ngoma hakuna."

Macho kwangu.

"Mwalimu, mbona wanitazama mimi? Tuko wazee sita hapa."

"Kwa sababu wewe ndiye uliyebaki, kaka Kibwana."

Ana adabu. Hata akikutukana anakuita kaka.

Jumamosi, 19 Machi

Nimelipuliza kwa mara ya kwanza, mdomo wa zumari nimeuzika ndani ya mto wa sufi. Halikutoa kitu. Nikapuliza mpaka nikaona nyota mchana. Likatoa sauti kama bata aliyekalia msumari, halafu sufi ikanirudia puani. Nimepiga chafya hadi alasiri.

Jumatano, 23 Machi

Leo nimejifanya hodari. Nimeliingiza zumari katika mtungi mkubwa wa maji, mtupu, nikafunika kwa blanketi, kichwa changu humo humo. Nilidhani mtungi utaimeza sauti. Kumbe mtungi unaikuza. Ilitoka sauti ambayo sijui niilinganishe na nini, ndefu, inatetemeka, kama mtu anayelia kutoka chini ya ardhi. Kuku wote wa uani wakapanda juu ya kinu.

Alhamisi, 24 Machi

Ashatu, muuza vitumbua wa ng'ambo ya njia, ametangaza kwamba Bwanaheri amerudi kulidai zumari lake. Amechoma ubani mlangoni. Mimi nikamwitikia, "Maskini Bwanaheri, hakuwahi kutulia." Nikala vitumbua vyake vitatu.

Jumamosi, 26 Machi

Habari imefika Kerege mapema kuliko lori. Mwishehe amekuja, ameketi kwenye kitanda changu bila kuegemea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mwalimu."

"Mimi siamini mizuka. Jumatano kulilia nini humu?"

Na mimi bila kuwaza: "Mbuzi."

"Mbuzi gani? Huna mbuzi."

"Ninaye. Yuko kwa Rehani, anamaliza kuzoea. Jumatano alikuja kunitembelea."

Akanitazama kwa muda wa kusoma aya nzima. "Nitafurahi kumwona nikija tena," akasema.

Jumapili, 27 Machi

Nimekwenda kwa Rehani, mpiga ngoma mwenzangu, kumwazima mbuzi. Nimemweleza kila kitu, maana siri niliyoapa kuiandika tu imenishinda baada ya siku kumi na tatu. Rehani amecheka akashika mbavu. Kisha akanipa beberu mweusi, nikamfunga kamba, tukaongozana naye mjini kwa fahari.

Nimefika, nimemfunga uani, nimemwambia lia. Hakulia. Nimemvuta sikio. Nimemwonyesha majani nikayaficha. Ananitazama tu kama Mwishehe.

Jumatatu, 28 Machi

Nimerudi kwa Rehani kuuliza. "Aa, yule?" akasema. "Yule halii. Tangu azaliwe sijamsikia. Hukuniambia wamtakia sauti."

Basi katika Bagamoyo nzima mimi ndiye mwenye mbuzi bubu.

Alhamisi, 31 Machi

Alhamdulillahi! Masika yamefika.

Hapa nieleze. Nyumba zote za mtaa huu zimeezekwa makuti. Yangu nimeezeka madebe ya mafuta ya taa, niliyoyapasua na kuyanyoosha mwenyewe, na miaka yote watu wananicheka kwamba mvua ikinyesha kwangu hata mwenye nyumba hasikii mawazo yake. Leo imeshuka mvua ya haja. Madebe yamepigwa, kelele tele, kama watu mia wanaokoroga mawe. Nimekaa kitandani, taratibu wazo likanijia: nani atasikia nini?

Nimelitoa zumari nikapuliza kwa pumzi zangu zote. Mimi mwenyewe sikujisikia! Nimepuliza mpaka mvua ikaacha.

Jumatatu, 4 Aprili

Mvua asubuhi. Nimepuliza. Mvua jioni. Nimepuliza.

Jumanne, 5 Aprili

Jua. Nimekaa kama mtu aliyenyimwa chakula.

Alhamisi, 7 Aprili

Tatizo si vidole, vidole vinaanza kujua njia. Tatizo ni pumzi. Zumari halikatizwi. Bwanaheri alikuwa akipuliza toka mlango wa bibi arusi mpaka mlango wa bwana arusi bila kuacha, hewa inaingia puani huku mashavu yanasukuma mdomoni. Wanaojifunza hupewa kikonyo cha jani la mpapai, ambacho ndani ni tundu tupu, wakapuliza ndani ya bakuli la maji. Mapovu yakikatika, hujaweza. Kazi hii haina kelele, basi siku za jua nafanya hii. Mapovu yangu yanakatika. Nina meno machache, hewa inatokea dirishani.

Ashatu amepita akaniuliza, "Kibwana wee, mipapai yako ina ugonjwa gani? Imebaki uchi."

"Inatoka edani," nikamwambia. Akaniapiza.

Jumamosi, 9 Aprili

Jambo baya. Mvua ilikuwa inamwagika, mimi katikati ya wimbo wa kumtoa bibi arusi, macho nimefumba. Ghafla mvua ikakatika, kama mtu aliyefunga mlango. Mimi nikaendelea, labda pumzi moja, labda mbili, uchi kabisa, mtaa mzima kimya.

Kabla sijalitoa mdomoni, ukuta ukagongwa. Kwa upande wa Bi Mwanabaraka. Kwa mchi, najua kishindo cha mchi. Kimoja kizito, viwili vyepesi, kimoja kizito. Kimya kidogo. Kisha tena vile vile.

Nimelificha zumari chini ya godoro nikalilalia. Shemeji yangu, mwenye huzuni zake, nimemfikisha mahali pa kunipigia ukuta kwa mchi.

Jumanne, 12 Aprili

Mvua kubwa, nikasema nijaribu, chini chini. Sijamaliza mstari ukuta ukagongwa. Kimoja kizito, viwili vyepesi. Hata katika kelele ya madebe niliuhisi mgongoni, maana nilikuwa nimeegemea. Ana mkono mzito yule mama. Nimeacha.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua. Sikupuliza.

Alhamisi, 14 Aprili

Mvua. Sikupuliza. Mbuzi ananitazama.

Jumatatu, 18 Aprili

Mvua njema inapita bure. Watu wanaomba ipungue, mihogo inaoza, njia ya Kerege imekatika lori halipiti. Mimi nimekaa chini ya madebe yangu mikono mapajani. Nimefikiri nimrudishie zumari Mwanvita, nimwambie mwanangu, baba yako alimwusia mtu asiyefaa. Nimefika mpaka mlangoni. Alikuwa anafagia maji, akaniamkia, akacheka, akaniuliza mbuzi anaendeleaje. Nikasema mbuzi mzima. Nikarudi.

Nimemkasirikia Bi Mwanabaraka, Mungu anisamehe. Nimesema moyoni: mumeo ndiye aliyenitia katika haya, si mimi. Miaka thelathini nimekula wali wako, leo wanigongea kama panya.

Jumamosi, 23 Aprili

Mvua. Hakuna cha kuandika.

Jumatano, 27 Aprili

Nitaandika pole pole, nisiruke neno.

Adhuhuri Mwanvita ameniletea bakuli la mchuzi wa papa, limefunikwa kawa. Mama yake hawezi kutoka wala kusema na mwanamume wa nje, basi maneno yake hutembea kwa miguu ya binti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nini tena?"

"Mama anakusalimu. Anauliza, mbona umeacha?"

Nikajifanya mjinga, kazi ninayoiweza. "Nimeacha nini?"

"Baba, sote twasikia. Paa lako linapigwa juu, ukuta wetu uko chini."

Nikaona aibu mpaka kwenye nyayo. Nikasema, "Mwambie mama aniwie radhi. Aliponigongea nilielewa, nikanyamaza siku ile ile."

Mtoto akanitazama kwa mshangao. "Hakukugongea unyamaze."

"Basi alinigongea nini?"

"Vumi. Alikuwa anakupigia vumi lako. Anasema unapotea katikati kwa sababu huna wa kukushika nyuma. Anasema amechoka kupiga peke yake."

Nimekaa chini kwenye kizingiti. Nimeweka kiganja juu ya goti nikapiga: kimoja kizito, viwili vyepesi, kimoja kizito, kimya kidogo. Yallah! Ni mimi! Ndio mkono wangu mwenyewe, wa miaka thelathini, nyuma ya zumari lile lile. Sijapata kuusikia nikiwa mbele, nimekuwa nyuma siku zote. Mkono wangu umekuja kunibishia hodi, na mimi nikasema sipo.

"Lakini mama yumo edani," nikamwambia Mwanvita. "Na ngoma..."

Akacheka akijificha kwa kanga. "Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema: mwambie mimi sipigi ngoma, mimi natwanga. Mwanamke wa eda hakukatazwa kutwanga."

Mchuzi ulikuwa umezidi chumvi kidogo. Labda ni mimi niliyeutia, sikutazama.

Alhamisi, 28 Aprili

Mvua! Nimepuliza, ametwanga.

Jumapili, 1 Mei

Nikikosea anaacha. Anasubiri. Nikianza upya anaanza. Hakuna neno hata moja kati yetu, na sijawahi kukaripiwa vizuri namna hii tangu mke wangu afariki.

Jumamosi, 7 Mei

Ashatu amemwuliza Mwanvita, "Mama yako anatwanga nini kila mvua ikinyesha? Mpunga gani huo usiokwisha?" Mwanvita akasema ni wa harusi. Ashatu amefurahi, anadhani kutakuwa na pilau ya kuoga.

Jumanne, 10 Mei

Mvua chache. Nyimbo ninazo. Pumzi bado. Nafika mstari wa tatu mashavu yanakufa, nakata.

Jumapili, 15 Mei

Masika yamekunja jamvi mapema. Mbingu nyeupe. Na kama haitoshi, njia imekauka, lori limepita, Mwishehe ameshuka na mkeka wake. Atakaa kwa shemeji yake mpaka eda iishe. "Siku za mwisho ndizo za kulindwa," amesema. Kisha akaja uani kwangu kumtazama mbuzi.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na alie basi, nimsikie."

"Mwalimu, amesikia kuna eda."

Nimemwona akikaza midomo. Siapi, lakini nadhani alikuwa anazuia kitu.

Jumatano, 18 Mei

Amenifumania. Nilikuwa nyuma ya nyumba, bakuli la maji magotini, kikonyo mdomoni, mashavu yamevimba kama chura. Nikainua macho, kanzu nyeupe mbele yangu.

"Wafanya nini, kaka Kibwana?"

"Napoza uji."

Akachungulia bakuli. "Uji huu ni mwembamba."

"Ni wa mgonjwa."

Nikangoja aseme neno Kerege. Halafu akasema, si kwangu, kwa mipapai: "Nyumbani kwetu mipapai ilikuwa hivi hivi, vigogo vitupu. Mama alimchapa kaka kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa nashikilia bakuli." Akageuka akaenda zake. Alipofika pembeni mwa nyumba akarudi hatua moja: "Usisukume kwa kifua. Kifua kilegeze. Alikuwa akisema hivyo."

Nimebaki na maji yangu. Miaka yote nimemwona yule kama mlingoti. Sasa nadhani anachokiogopa si ngoma. Anaogopa kulisikia zumari lile na anayelipuliza asiwe nduguye.

Hakusema Kerege.

Jumanne, 24 Mei

Alfajiri wanawake wamempeleka Bi Mwanabaraka pwani kuoga, amerudi amebadili nguo. Eda imekwisha. Nimekwenda kumpa mkono wa pole mlangoni, kwa adabu.

"Shemeji," nikasema.

"Shemeji," akasema. "Mstari wa tatu."

"Najua."

"Ulijua tangu Aprili."

Harusi wiki ijayo, hapa hapa. Mwishehe mwenyewe ametaja siku.

Ijumaa, 27 Mei

Pumzi haijaja. Nimejaribu kwa kifua legelege, kwa kifua kigumu, nimesimama, nimelala chali. Sasa eda haipo, naweza kupuliza juani, na kila mtu atasikia mahali ninapokata. Ingekuwa heri mvua. Sikujua kwamba nilikuwa nimejificha.

Alhamisi, 2 Juni

Nimeoga, nimevaa kanzu ya marehemu baba yangu, nimelitia zumari ulimi mpya wa kupulizia. Asubuhi, walipomshika mbuzi aliyetolewa na Rehani kwa ajili ya pilau, amelia. Mara moja, sauti kubwa safi, mtaa mzima umesikia. Mwishehe alikuwa barazani. Akasema, "Kumbe ulisema kweli, kaka Kibwana." Uso haukucheka hata kidogo. Mtu hatari yule.

Alasiri Mwanvita ametolewa, kajifunika, wanawake wamemzunguka, safari ya kwenda Dunda kwa mumewe. Rehani ameshika vumi langu. Watu wameziba njia. Nikasema bismillahi nikapuliza.

Mstari wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka, nikaona wazee wanatazamana. Rehani nyuma yangu: kimoja kizito, viwili vyepesi. Wa tatu. Mashavu yakaanza kufa. Nilijua papo hapo kwamba nakata, mbele ya Bagamoyo nzima, na mtoto wa Bwanaheri anasimama njiani katikati ya kimya.

Kabla sijakata, nasema kabla, Bi Mwanabaraka akapiga kigelegele. Kikali, kirefu. Wanawake wote wakakipokea. Chini yake nikavuta pumzi kama ng'ombe, nani atasikia nini? Kilipoisha mimi nimeshaingia mstari wa nne.

Ikawa hivyo hivyo mpaka Dunda. Kila mashavu yakitaka kufa, kigelegele kinanitangulia. Sikumpa ishara hata mara moja. Miezi miwili nyuma ya udongo amejifunza mahali pumzi yangu inapoishia. Nikageuka mara moja kumtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka huku anapiga, na bado hakukosea. Mwishehe alitembea upande wa pili wa njia, peke yake, mgongo ametugeuzia, mpaka mwisho. Hakuondoka.

Mlangoni kwa mumewe Mwanvita akanong'ona ndani ya kanga, "Ahsante, baba." Sijui alikuwa anamwambia baba yupi.

Ijumaa, 3 Juni

Ashatu ametoa hukumu: "Zumari halikuwa baya. Ila vigelegele vilizidi."

Jumatatu, 6 Juni

Jua kali, mbingu tupu. Paa limenyamaza, mbuzi ameliwa, harusi imepita. Mwishehe amerudi Kerege na mkeka wake. Ahadi nimeitimiza, Bwanaheri hanidai. Nimelifunga zumari kwenye kitambaa chake, nikalipandisha juu ya boriti, mahali pa vitu vya marehemu. Nimejilaza.

Chakula cha mchana kimekwisha liwa mtaa mzima. Sijui mtu anatwanga nini saa hizi.

Kimoja kizito. Viwili vyepesi. Kimoja kizito. Kimya kidogo.

Nimesimama juu ya kitanda kulitoa.